Kuisingizia Lugha

Nilimnunua Luthuli, kwa Ndirangu wa orofa ya pili,
sanduku la rangi ya meno ya mvuta sigara,
mgongoni kibandiko cha benki fulani ya ng'ambo
na jina kwa kalamu ya wino: INGRID.
Sikukibandua. Kompyuta ikawa Ingrid,
akalala nasi Ngara, chumba nambari kumi na nne,
akikoroma kumshinda Nafula.

Mwaka huo Java ndiyo iliyokuwa somo.
Naandika mistari thelathini, nakompaili,
kisha nasubiri.
Feni inapandisha sauti kama mtu anayejiandaa kukana deni.
Diski inatafuna, kwaru, kwaru.
Nateleka githeri. Nafula anafua, anasuuza, anaanika
shuka mbili na sare yake ya kazi.
Stima ikiwa na huruma, jibu linakuja:
umesahau nukta-mkato, mstari wa tisa.

Sufuria nzima ya githeri
kwa alama ndogo kuliko chawa.

Sikumlaumu Ingrid. Ningemlaumuje?
Nilimlipia kwa awamu tano,
usiku nikimfunika leso vumbi lisimwingie.
Mbaazi akikosa maua husingizia jua;
mimi nilikosa kumbukumbu, megabaiti mia mbili hamsini na sita tu,
nikaisingizia lugha.
Nikasema Java ina maneno mengi kama mshenga,
ina tumbo, ina kiburi, haiamki mapema.
C ndiyo niliyoipenda, ndogo, kavu,
Ingrid aliimeza kabla sijavua viatu.
Nikadhani ni urembo wake.
Kumbe ni wepesi wa kumezeka.

Maoni hayo nikayabeba kama cheti.
Nikayatetea Kilimani juu ya kahawa niliyonunuliwa,
nikaikataa kazi moja (na mshahara wake, ole wangu),
nikamwambia msichana mmoja wa Kabete asiiguse Java,
naye akanisikia.
Hilo bado limenikaa kooni.

Juzi hapa Upper Hill, orofa ya saba,
Mutinda, kijana wa mafunzo, wiki yake ya pili,
alifungua laptopu nyembamba kama chapati ya kantini,
akaandika Java, akabofya.
Nikainuka na kikombe changu.
"Unaenda wapi?"
"Chai. Ikiwa bado inakompaili."
"Imekwisha."

Nikabaki nimesimama, kikombe mkononi, kitupu,
miaka kumi na saba ya kusimama hivyo.

Nilitaka kuomba radhi, lakini lugha haina mlango wa kubisha.
Na mwili hauamini haraka:
hadi leo nikianza faili mpya ya Java
pua yangu inanusa githeri,
inasikia maji ya Nafula yakimwagwa koridoni.
Pua kusikia, ndiyo. Ndivyo ilivyo.

Alhamisi tukaipeleka programu ya Mutinda Kayole,
zahanati ya akina mama na watoto.
Juu ya meza, chini ya kalenda ya mwaka juzi,
alikuwepo binamu ya Ingrid,
rangi ile ile ya meno.
Sista Kwamboka akabofya "Sajili".
Feni ikaanza kupanda.
Nje kwenye foleni mtoto akalia, akalala, akaamka akalia tena.
Mutinda akatazama saa, halafu dari, halafu mimi.
Kwake, naamini, jambo hilo halikuwa na jina.

Sista hakuinunia mashine.
Aliipangusa vumbi kwa kiganja, taratibu,
akaisogeza mbali na jua la dirishani,
kisha akatugeukia sisi wawili:
"Hiki kitu chenu kina kiburi."

Nikamwuliza pa kuchemshia chai.